Sekenke Ilivyoingia Nyumbani Kwetu

Nyumba ya wazazi wangu iko kijijini, jirani na Misigiri, wilayani Iramba, na mlango wake wa mbele hauna kizingiti. Zamani ulikuwa nacho: gogo la mninga lililochongwa kwa tezo, kimo cha shubiri moja, la kuzuia maji ya mvua yasiingie sebuleni. Baba mdogo alilikata kwa msumeno mwezi Oktoba 1986, siku moja kabla baba hajaletwa kutoka hospitali. Nilikuwa darasa la tano. Nakumbuka unga wa mti ulivyotapakaa mwekundu juu ya udongo, na mama akiufagia polepole kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala ndani.

Mimi ni mwalimu wa Historia. Kwa zaidi ya miaka 20 nimefundisha katika shule za sekondari za mkoa huu wa Singida. Nimefundisha misafara ya biashara iliyokatiza pori la Mgunda Mkali, reli ya kati ya Wajerumani, Azimio la Arusha. Mlima Sekenke nimeufundisha kwa dhahabu yake tu, maana ndivyo vitabu vilivyo. Lakini sisi tuliokulia kando ya barabara inayoupita tunajua mlima ule una historia nyingine, na historia hiyo imekaa majumbani mwa watu: kwenye vizingiti vilivyokatwa, vitanda vilivyofupishwa miguu, watoto waliotolewa shule. Taarifa za ajali huhesabu waliokufa na majeruhi, kisha zinafungwa. Majeruhi akishatoka wodini hakuna anayeandika tena. Naandika ninayoyajua kuanzia hapo.

Dhahabu ya Sekenke ilichimbwa na Wajerumani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita ilipokaza, Waingereza wakawa wameziba bahari na Wajerumani hawana pa kupata fedha za kutumia, dhahabu hiyo ilipelekwa Tabora, na mwaka 1916 karakana ya reli ikaigeuza kuwa sarafu za rupia 15, upande mmoja tai wa kifalme, upande wa pili tembo. Sarafu moja leo inauzwa kwa bei ambayo mwalimu hawezi kuitamka. Wanafunzi wangu huipenda sana hadithi hiyo. Huwaambia pia, ingawa haimo kwenye mtihani, kwamba Sekenke ni mahali ambapo uwanda wa juu wa Iramba unakatika ghafla na kushuka kwenye mbuga ya Wembere, na kwamba kila gari lililotoka Dodoma au Singida kwenda Nzega, Shinyanga na Mwanza lilipaswa kuteremka hapo, na kila lililorudi lilipaswa kupanda.

Kwa nini mzigo wote upite barabarani? Ukiitazama ramani ya zamani utaona jibu. Katika miaka ya 1930 Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Manyoni kuja mpaka Kinyangiri, huku Iramba. Wazee niliowakuta utotoni walikumbuka mluzi wa treni hiyo. Muongo uliofuata reli ikang'olewa, mataruma na vyuma vikaondoka. Reli ya kufika Singida mjini ilijengwa upya miaka mingi baadaye, baada ya uhuru. Katikati ya hapo kulikuwa na malori peke yake. Vitunguu, mtama, ngozi, kuku wa kienyeji kwenye matenga, alizeti: vyote vilipanda lori. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya 1974 na 1975, na familia zilizokuwa zimetawanyika kwenye mashamba zikasogezwa kando ya barabara ili zipate shule, maji na zahanati. Sisi pia tulisogezwa. Baba alifurahi kuliko wote, kwa kuwa alikuwa dereva, na sasa lori lilimshusha mlangoni.

Alijifunza udereva kwa njia iliyokuwapo wakati ule, yaani kwa kuanza utingo. Kazi ya utingo kwenye Sekenke ilikuwa na chombo chake: gogo. Lori likipanda na mzigo, utingo hakukaa juu. Alikimbia nyuma ya tairi na gogo mikononi, na lori likishindwa alilisukuma chini ya tairi la nyuma kabla halijaanza kurudi. Baba alisema kilima kizima kilipandwa kwa hatua za namna hiyo, gari linanguruma, linachoka, linaegemea gogo, linapumua, linanguruma tena. Alikuwa na kovu kwenye kiganja cha kulia lililotokana na gogo hilo, na alilionyesha kwa fahari kama mwingine anavyoonyesha cheti. Wakati wa vita vya Kagera malori ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari na mizigo, naye akaenda na lori la tajiri wake hadi mpakani, akarudi bila mkwaruzo.

Lori lenyewe halikurudi hivyo. Wanaokumbuka miaka ile watanielewa. Vipuri havikuwapo. Matairi yalishonwa, springi zilifungwa kwa kamba za ngozi, breki zilibandikwa vipande vilivyotolewa kwenye gari bovu. Mafundi wetu walifanya maajabu, na sitaki mtu awadharau, lakini breki iliyobandikwa inakubali kwenye tambarare na inakataa mlimani. Ilipokataa ilikuwa mwezi Juni 1986, asubuhi, lori likiteremka Sekenke na magunia ya vitunguu kwenda Mwanza. Baba alimwamuru utingo wake aruke. Kijana akaruka, akaishi, na kila mwaka mpaka uzeeni mwake ameleta kuku nyumbani kwetu mwezi Juni. Baba alibaki na usukani. Aliliegemeza lori ukingoni mwa mlima, upande wa mawe, ili lisiende bondeni, na mawe yakaingia ndani ya kabini.

Mguu wa kushoto ulikatwa juu kidogo ya goti. Watu wa magari wataelewa uzito wa neno hilo, kushoto: ndio mguu wa klachi. Daktari alipomweleza, baba hakuuliza kama atatembea. Aliuliza mguu umewekwa wapi. Mjomba aliukabidhiwa umefungwa kwenye shuka, akaja nao kijijini usiku, akauzika nyuma ya zizi bila matanga na bila watoto kuambiwa. Mimi nilijua baada ya miaka kumi. Baba alijua mapema, na nilimwona mara nyingi akitazama upande ule pale kidole gumba kilipomuwasha, kidole ambacho hakuwa nacho. Alikuwa akikuna hewa, halafu anajizuia akiona tunamtazama.

Matibabu hospitalini hayakulipiwa. Uchangiaji wa gharama ulikuja 1993. Ila bandeji zilikuwa adimu kama sabuni, kwa hiyo mama alichana khanga zake, akazichemsha, akazianika, akazipeleka. Alikuwa na khanga sita. Aliporudi nyumbani na baba, alikuwa amebaki na moja, aliyovaa.

Sasa nifike kwenye nyumba. Vitabu vinavyoeleza tembe za Iramba na Unyaturu vinataja nguzo, paa la udongo, giza la ndani na zizi, na vyote ni kweli. Havielezi mtu mwenye mguu mmoja anaingiaje. Kizingiti nimekwisha kukitaja. Baada yake baba mdogo alikata miguu ya kitanda, ili baba aweze kukaa na kuinuka bila kushikwa. Kisha akachimbia nguzo mbili njiani kuelekea chooni, akafunga kamba kati yake, kamba ya katani iliyokuwa ikifungia mizigo kwenye lori lile lile. Mwisho akatengeneza kiti. Kilikuwa stuli ya kawaida ya mti, ya miguu minne. Akachora duara katikati kwa mkaa, akatoboa kwa chuma kilichotiwa motoni mpaka moshi ukajaa ua mzima, akamalizia kwa patasi na kipande cha chupa mpaka ukingo ukawa laini kama bakuli. Kiti hicho kiliwekwa juu ya tundu la choo cha shimo. Mtu mzima, aliyekuwa akiendesha tani saba, akaweza kwenda chooni peke yake na kufunga mlango. Katika mambo yote tuliyofanyiwa mwaka ule, na tulifanyiwa mengi na majirani waliotulimia shamba siku mbili nzima kwa togwa na mlenda tu, sioni lililozidi kiti kile.

Magongo yalichongwa na fundi wa majembe. Ncha zake ziliteleza kwenye mawe, basi mshona viatu akazipigilia vipande vya tairi, vile vile anavyotengeneza makubazi. Kila baada ya miezi mitatu vilikwisha, tukavibadilisha. Kazi ya kuvipeleka ilikuwa yangu.

Mwaka wa kwanza baba alikaa kimya. Aliomba kigoda chake kiwekwe kikitazama barabara, akashinda hapo. Tulidhani haoni kitu. Siku moja lori lilisikika kwa mbali, bado halijaonekana, naye akasema, "Huyo Fiat, gia ya tatu imechoka." Lilipotokea lilikuwa Fiat. Toka hapo sisi watoto tukafanya mchezo: tunafumba macho, tunabisha, yeye anaamua. Alikuwa hakosei. Alijua pia, kwa mlio, kama gari linakwenda Sekenke na mzigo au tupu, na likiwa na mzigo hakuzungumza tena mpaka lipotee.

Kuna wanawake waliokuja kumpa mama pole na pamoja na pole wakamshauri. Alikuwa na miaka 34. Walisema bado ana nguvu, arudi kwao kabla hajazeekea kwenye uuguzi. Nilikuwa jikoni nikipepeta uwele. Mama akawasikiliza mpaka mwisho, akawamiminia chai, kisha akasema, "Mimi niliolewa na mtu, sikuolewa na mguu." Hawakurudi na maneno hayo. Lakini usiku ule alilia, na nataka liandikwe pia, kwa sababu akina mama wa namna yake husifiwa kwa uvumilivu mpaka watu wanasahau kwamba uvumilivu una gharama, na kwamba haukuwa hiari kabisa.

Gharama nyingine aliilipa kaka. Desemba ile matokeo ya darasa la saba yalitoka, na jina lake likabandikwa ukutani: amechaguliwa kidato cha kwanza. Wakati ule nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno. Shule nyingi zilimaliza mwaka bila kupeleka hata mtoto mmoja. Orodha ya vitu ikaja: godoro, ndoo, blanketi, sare, viatu vyeusi, ada. Kaka alikaa na orodha hiyo wiki nzima. Kisha asubuhi moja akafunga nguo zake kwenye mfuko wa sandarusi, akasimama barabarani, akapanda lori kama utingo. Alikuwa na miaka 15. Baba alimwona akipanda, na alijua vizuri lori lile linapita wapi. Hakumwita. Aliinama akashika kipande cha mguu wake kwa mikono miwili, akakaa hivyo hadi mchana. Ada yangu ya sekondari, miaka yote minne, ilitoka kwenye gogo la kaka yangu. Nikisimama darasani kuandika tarehe ubaoni, nasimama mahali pake.

Tajiri wa gari alituma mshahara wa miezi miwili na kilo kumi za sukari. Hakurudi tena. Baba hakuwa na mkataba ulioandikwa. Madereva wengi hawakuwa nao. Lori lilikuwa na bima ndogo, na bima ndogo inamlinda mtu wa nje anayegongwa, haimtazami dereva aliyeshika usukani. Bima wakati ule ilikuwa ya shirika moja tu, Shirika la Bima la Taifa, lililoachiwa soko lote tangu 1967 hadi mageuzi ya 1996. Kulikuwa pia na sheria ya fidia kwa wafanyakazi, Sura ya 263, iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni. Nimeisoma ukubwani. Kiwango chake cha juu kwa ulemavu wa kudumu kilikuwa shilingi 108,000, na kwa kifo shilingi 83,000. Shilingi ikaporomoka mwaka hadi mwaka, viwango vikabaki pale pale, mpaka pesa ya mguu wa mtu ikawa haitoshi kununua mbuzi wawili. Sheria hiyo iliendelea kutumika hadi Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulipoanza kazi Julai 2015. Nasema wazi kwamba ilikuwa aibu, na kwamba ilidumu muda mrefu hivyo kwa sababu waliokatwa miguu walikuwa vijijini, wamekaa kwenye vigoda.

Kilichotuokoa kilikuja kwa mlango mwingine. Katikati ya miaka ya 1980, huko Arusha, mhandisi Mmarekani Carl Bielenberg alibuni mashine ndogo ya kukamua alizeti kwa mkono. Haihitaji umeme wala dizeli. Ina mdomo wa kutilia mbegu, pistoni, mrija wenye nafasi nyembamba ambamo mafuta yanapenya, na wenzo mrefu wa chuma unaopandishwa na kushushwa. Mbegu zilizokamuliwa zinatokea upande wa pili zimekuwa mashudu. Mashine ya kwanza kufika kwetu ilinunuliwa na kikundi cha akina mama wa usharika mwaka 1988, mama akiwa mmoja wao. Ilifungwa kwenye ubao mzito, ikawekwa chini ya mti nje ya nyumba yetu kwa sababu sisi tulikuwa kando ya barabara.

Ilikuwa nzito. Akina mama walipokezana, wawili wawili wananing'inia kwenye wenzo, baada ya robo saa jasho linawatoka na chupa haijafika nusu. Baba alitazama siku ya kwanza. Siku ya pili pia alitazama. Siku ya tatu akaomba asogezwe. Alikaa kwenye kigoda, akauegemeza mgongo kwenye shina la mti, akaushika wenzo kwa mikono miwili kama anavyoshika usukani, akashusha. Mashine ikatoa mlio mfupi, na mafuta yakaanza kutiririka kama uzi, ya manjano, yenye harufu ya mbegu zilizokaangwa. Akapandisha, akashusha. Hakuna aliyesema kitu. Malori ya miaka ile hayakuwa na usukani mwepesi wa siku hizi. Mtu aliyeyageuza kwenye kona za Sekenke kwa miaka 14 alikuwa na mabega ya mbeba mizigo wa bandarini. Mabega yale yalikuwa yamekaa bure miaka miwili.

Akaijua mashine ile kama alivyojua injini. Aligundua kwamba mbegu zikianikwa juani kwanza mpaka zipate joto hutoa mafuta zaidi, basi akawa anakamua kuanzia saa sita mchana, si asubuhi. Aliikataa mbegu ya kienyeji yenye ganda gumu na kutaka ile ya Record, nyeusi, ya ganda laini. Aliweza kusikia kwa sauti ya pistoni kama skrubu ya nyuma imekazwa mno. Mama alichemsha mafuta kwa maji kidogo na chumvi, akayaacha yatulie, akayachuja kwa kitambaa, akayapanga barabarani kwenye chupa na madumu. Mashudu yaliliwa na kuku, na kuku walipanda matenga kwenda Dar es Salaam. Leo ukipita Singida unaona safu za ndoo na madumu ya alizeti pande zote za lami, na mkoa wetu ni miongoni mwa inayoongoza kwa zao hilo. Mashine za umeme ndizo zinazokamua sasa. Naiona safu ile, namwona baba chini ya mti.

Kwa pesa ya mafuta walikwenda Moshi mwaka 1989. Katika hospitali ya KCMC kulikuwa na karakana ya viungo bandia, na tangu 1981 chuo cha kufundisha mafundi wake, chuo kilichokusanya wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Mama alibeba kiatu cha kushoto. Alikuwa amekihifadhi miaka mitatu ndani ya mfuko, kimepakwa mafuta kisikauke, kwa sababu aliamini siku moja kitahitajika, na fundi alikitumia kweli kupima unyayo. Walikaa wiki sita. Baba alirudi akitembea na fimbo moja. Kijiji kizima kilimpokea. Siku za kazi mguu ulitundikwa kwenye msumari sebuleni, kwani joto na mchanga viliuchubua mwili; Jumapili ulivaliwa kwenda kanisani na viatu vyote viwili.

Lami ilifika huku mwanzoni mwa karne hii. Dodoma hadi Manyoni, kilomita 127, kisha Manyoni hadi Singida, na upande wetu Singida hadi Shelui, ambako mlima ulipunguzwa makali. Mara ya kwanza kupita na baba ndani ya basi, hatukutumia hata robo saa. Aliniambia tumekwisha kushuka, mimi nilikuwa bado nasubiri mlima. Aliomba kiti cha dirishani, akatazama mawe. Barabara nzuri ilileta mwendo, na mwendo ukahamisha ajali kutoka mlimani kwenda kwenye tambarare, mbele ya vijiji. Usiku wa tarehe 28 Aprili 2014, kijijini Utaho wilayani Ikungi, lori lilimgonga mwendesha baiskeli. Wanakijiji wakakusanyika, polisi wakafika kuuchukua mwili, na basi lililokuwa likitoka Kigoma kwenda Dar es Salaam likawakuta hapo barabarani. Walikufa watu 19, wanne kati yao askari. Redio ilizungumza juma zima. Baba aliuliza swali moja: waliovunjika wako wangapi, na wana watu wa kuwalimia?

Alilirudia mwaka 2017, tarehe 6 Mei, basi dogo la shule ya Lucky Vincent lilipotumbukia korongoni Karatu na kuua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walinusurika. Walipelekwa Marekani, katika mji wa Sioux City, na mmoja wa waliosimamia safari hiyo alikuwa Lazaro Nyalandu, wakati ule mbunge wa Singida Kaskazini. Walirudi Agosti. Tulifurahi sana nyumbani, tulilia mbele ya televisheni. Baba alifurahi pia, na ni yeye aliyetukumbusha kwamba wiki ile ile wodi za mifupa nchini zilikuwa zimejaa watoto ambao ndege haikuwajia.

Kabla ya hapo, mfuko wa fidia ulipoanza, nilimsomea gazeti. Orodha ya mafao ilikuwa ndefu: matibabu, pensheni, utengamao, na posho kwa ajili ya mtu anayemhudumia majeruhi asiyejiweza. Baba akaniambia nirudie hilo la mwisho. Nikarudia. Mama alikuwa pale akichambua mchicha. Alisimamisha mikono kidogo, akaniangalia, kisha akaendelea kuchambua.

Baba alifariki 2018, kitandani, kwenye kitanda kile kifupi. Tulimzika nyuma ya zizi, mjomba akituonyesha mahali kwa fimbo, ili awe pamoja na mguu wake.

Mwaka uliofuata mtoto wa kaka, kijana wa bodaboda, aligongwa na gari dogo njia panda ya Misigiri. Alivunjika mfupa wa paja. Baada ya wiki kadhaa za kuning'inizwa mguu wodini, aliruhusiwa, akaletwa kwa bibi yake, na kaka akanipigia simu nije. Nilikuta watu wamejaa uani, kila mmoja anauliza tuanzie wapi, mke wa kijana akilia na mtoto mgongoni. Mama, mwenye miaka 67, hakuwa pamoja nao. Alikuwa ghalani amepanda juu ya gunia. Akateremka na kitu kilichojaa vumbi na utando wa buibui, akakipiga kwa khanga, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye ukingo wa tundu kuona kama kuna kibanzi. Hakikuwa nacho. Akampa kaka akipeleke chooni, akarudi ndani kutandika.

Gari lililomleta kijana likasimama. Wakambeba wanne, wakaingia naye mlangoni moja kwa moja, bila mtu kulazimika kuinua mguu.